Mwenzetu Aliye Marekani

Wiki iliyopita nilikwenda kwa fundi wangu wa nguo hapa Lurambi anipunguzie gauni kiunoni. Sawa, aniongezee. Redio yake ilikuwa juu ya kabati, na vijana wa kituo kimoja cha hapa mjini walikuwa wakipokea simu za wasikilizaji. Mada ilikuwa Marekani: nani atachukua urais kule, na sisi wa Kakamega tutafaidika vipi. Mtu mmoja akapiga kutoka Shianda, akasema miwa yake imekaa shambani mpaka imeanza kukauka na hakuna wa kuikata, lakini hayo tuyaache kwanza, yeye alitaka kutoa maoni yake kuhusu Seneti ya Marekani. Fundi alicheka hadi akaondoa mguu kwenye cherehani. Mimi mwili ulinisisimka, nikaomba kiti nikakae nje.

Si jambo la kumweleza fundi, kijana wa umri ule. Lakini wewe uliyekulia Kabras wakati ule miwa ilipokuwa ndiyo kila kitu, labda utanielewa nikisema kwamba mpaka leo siwezi kusikia mtu akiichambua siasa ya Marekani redioni bila kuhisi kwamba anayezungumza ameshazikwa.

Wakati ule kila mtu alipanda miwa. Mahindi yalisogezwa, malisho yakalimwa, hata uwanja wa shule ukapungua upande mmoja na mwalimu mkuu akajifanya hajaona. Baba alipanda mpaka karibu na ukuta wa jiko, ukifungua dirisha jani linaingia ndani. Majirani tuliendelea kuwasikia wakigombana lakini hatukuwaona tena. Mgeni alikuwa akitokea ghafla: kwanza unasikia majani, halafu unasubiri, halafu mtu huyo. Saa sita mchana uani kwetu palikuwa na kivuli. Na majani ya miwa hayanyamazi, hata siku isiyo na upepo. Watu wazima hawakujali, kwa sababu miwa ndiyo iliyoleta mabati, baiskeli na redio.

Mdogo wangu Barasa alikufa kwa surua msimu ambao miwa ilifika madirishani. Alikuwa ndiyo kwanza amejua kukimbia bila kuanguka, na alikuwa na tabia ya kunishika sketi kwa nyuma nikienda kisimani, nikawa namvuta njia nzima huku nikimgombeza. Alipozikwa nyuma ya jiko niliuliza amekwenda wapi. Mama akasema amekwenda mbali. Baba akasema nisimsumbue mama yangu. Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, ambaye hakuogopa swali la mtu, akaniambia amekwenda walikokwenda wengine. Basi nikabaki kuwatafuta hao wengine ni akina nani.

Niliyemjua alikuwa mmoja tu, Baba Mkubwa Shiundu.

Huyo alikuwa kifungua mimba wa Kukhu. Alikwenda Marekani kusoma kabla sijazaliwa, na wanasema kijiji kizima kilimsindikiza mpaka kwenye basi. Aliandika barua, kisha barua zikakatika. Mtu wa upande wa Malava aliyerudi kutoka huko akasema amesikia kuna Mluhya aliyekufa kwenye ajali ya gari katika theluji, jina lake halijui. Wakangoja. Ng'ombe wakaanza kufa, mama akaharibikiwa na mimba, na wazee wa ukoo wakasema Shiundu anazunguka kwa kukosa pa kulala. Kwetu, mtu aliyefia mbali na mwili wake haukupatikana huzikwa kwa mgomba. Unakatwa mgomba wa kimo chake, unavikwa shuka, unalazwa sebuleni, unaliliwa, kisha unazikwa na watu wanakula. Siku hiyo nilikuwa mgongoni mwa mama. Wanasema kaburi halikuchimbwa kwenda chini sana, maana wachimbaji walijua wanachozika, na mgomba uliingia na kitako chake chote, mizizi haikukatwa. Miwa ilipokuja, Baba alipitisha jembe la ng'ombe juu ya pale mahali. Alisema mgomba hauna mifupa.

Redio tuliinunua kwa mavuno ya kwanza, nayo ikaleta watu. Jumamosi mchana kulikuwa na kipindi cha mazungumzo kutoka kituo cha kule ziwani, na wakulima wenzake Baba walikuwa wakitoka ndani ya miwa mmoja mmoja, kila mtu na kigoda chake. Aliyeongoza baraza hilo ni Mzee Andayi, mkubwa wa ukoo wetu, mtu mfupi aliyevaa kofia ya kiwandani ingawa kiwandani hakufanya kazi hata siku moja. Aliipenda Marekani kwa sababu moja aliyoisema waziwazi. "Ya Marekani tuseme," aliwaambia wenzake, akitupa jicho kwenye miwa. "Ya hapa ikona masikio." Basi walikaa uani kwetu wakamhukumu rais wa watu wengine kwa sauti kubwa, jinsi ambavyo hawangethubutu kumhukumu hata chifu.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha watu wawili. Mtangazaji aliuliza maswali, na mtu mmoja akayajibu kwa kanda alizotuma kutoka ng'ambo. Jina lake halikutajwa. Mtangazaji alimwita "mwenzetu aliye Marekani" na ndivyo sisi sote tulivyomwita.

Siku ya kwanza aliposikika Kukhu alikuwa akichambua kunde mlangoni mwa jiko, wala hakuwa akisikiliza. Mtu yule alikuwa akieleza kwamba rais wa kule ametega mashine ndani ya nyumba yake mwenyewe, zinanasa maneno ya kila anayeingia, na sasa maneno hayo yanataka kumtoa kitini.

"Yaani ukuta yake inasikianga?" akauliza Mzee Andayi.

Kukhu akasimama. Ungo ukaanguka, kunde zikatapakaa uani.

"Huyo ni Shiundu," alisema.

"Mama, huyo ni mtu wa redio," Baba akamwambia.

"Mimi ndiye nilimzaa, si wewe. Kabla ya kusema anavutanga pumzi, kama mtu anaingia maji baridi. Tangu akiwa mdogo. Sikiliza."

Wakasikiliza. Mtangazaji akauliza swali. Redio ikanyamaza kidogo, ikavuta pumzi, halafu ikajibu. Baba aliweka kikombe chake cha chai chini. Mzee Andayi akavua kofia. Wale wengine wakainuka mmoja mmoja na vigoda vyao, wakaingia kwenye miwa bila kuaga, na kipindi kikaendelea kutusomea mambo ya Marekani pale uani hapana mtu isipokuwa sisi.

Jumamosi iliyofuata walirudi wote, na zaidi. Waliogopa, lakini nani angekaa kwake aambiwe habari hizo na mtu mwingine?

Baba na Mzee Andayi walibishana sana. Baba alisema ikiwa ni yeye, basi hakufa, tumwandikie barua ya kumwomba radhi, jambo liishe. Mzee Andayi akasema jambo haliishi hivyo. "Tulimzika," alisema. "Tulilia, tulikula, tulinyoa nywele. Mtu akishazikwa hasalimiwi, na yeye hasalimii, mpaka ile kaburi ifunguliwe. Ukimwandikia barua, hiyo barua inaenda kwa nani? Akikuita na uitike, unaenda na yeye. Toeni mgomba kwanza."

Baba akatazama miwa. Hakuwa ameweka hata jiwe la alama. Miwa yenyewe ilikuwa imeandikiwa mkataba na kampuni, na huruhusiwi kuikata kabla ya zamu yako kufika. Kukhu akamtazama Baba, Baba akatazama viatu vyake.

Hayo yalisemwa na watu wazima kwa watu wazima. Mimi nilichukua nilichoweza kuchukua. Baba Mkubwa amezikwa hapa kwetu. Baba Mkubwa anazungumza kutoka Marekani. Kwa hiyo wanaozikwa huenda Marekani. Sikuona shida yoyote katika hesabu hiyo, na kila Jumamosi yeye mwenyewe alinihakikishia. Alisema kwetu kukiwa mchana, kwao ni usiku. Alisema kuna baridi ambayo sisi hatujawahi kuijua. Alisema watu wa kule wako chini ya wanyama wawili, tembo na punda, wanaogombana daima, na kila mtu lazima achague mmoja. Alisema mkubwa wao anaishi katika nyumba nyeupe, na mimi nilikuwa nimeona makaburi ya watu wenye uwezo kule misheni, yalivyopakwa chokaa. Rais yule alipoondoka mwishowe, mkulima mmoja aliuliza, kwa sauti ya chini sana, "Rais anatoka kwa kiti namna gani na hajakufa?" Mimi nilijua jibu. Nilishangaa tu kwamba watu wazima hawakulijua.

Basi nilikuwa namngojea Barasa. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo kila Jumamosi, wala sikumwambia mtu. Wanaume walingoja habari za Seneti na za vita, mimi nilingoja Baba Mkubwa aseme kwamba amefika mtoto mdogo kutoka Kabras, mwenye kovu la moto mkononi, na kwamba kuna mtu anayemvuta akienda kisimani. Nilikaa chini ya meza karibu na redio kabisa. Niliposikia ile pumzi, nami nilizuia yangu.

Siku moja alizungumza juu ya watoto. Alisema kuna mji ambako mahakama imeamuru watoto weusi wasomeshwe pamoja na weupe, wanapandishwa basi asubuhi, na watu wazima wamesimama barabarani wakilipiga basi lile mawe. Mzee Andayi akatikisa kichwa. "Watu na akili zao!" alisema. Mtangazaji akauliza kama watoto wanaumia. Ile pumzi ikavutwa, na mwenzetu akasema ndiyo, vioo vinavunjika, wengine wanaumia, lakini kesho yake wanapandishwa tena. Nilimwona Barasa ndani ya basi lile. Nilimwona waziwazi, amekaa karibu na dirisha, ameshika sketi ya mtu asiyemjua. Nililia mpaka nikatapika, na mama akasema ni viazi nilivyokula vibichi.

Kukhu naye alikuwa na kazi yake. Alikuwa akiingia kwenye miwa na fimbo, akidunga ardhi, kutafuta pale mahali. Nilimfuata kwa sababu niliogopa kubaki uani peke yangu, halafu kule ndani nikaogopa zaidi. Ukishapiga hatua chache, nyumba imepotea. Mwanga ni wa kijani, majani makavu yanalia chini ya miguu, na yale mabichi yanakukata mikono bila wewe kujua, unaona damu tu. Kukhu alisema kaburi lilikuwa karibu na kichuguu. Lakini vichuguu vilikuwa vimeota vipya, na vya zamani vimelimwa.

Jumamosi moja tulipotea. Ni shamba letu, hata si kubwa, na tulipotea ndani yake. Kila tulikoelekea mistari ilikuwa ileile. Kukhu alisimama akapumzika, nami nikaanza kumwomba turudi. Ndipo sauti ikaanza.

Nadhani Baba alikuwa ameweka mawe mapya ya betri ndani ya redio, ikawa na nguvu. Najua hivyo leo. Siku hiyo sauti haikutoka upande wowote. Ilikuwa mbele yetu na nyuma yetu, nzito, tulivu, ikieleza jinsi kura zinavyohesabiwa kule, na kwa jinsi majani yalivyoikatakata ningeapa kwamba inatoka chini, kwenye udongo wenyewe tuliokanyaga. Ikanyamaza. Ikavuta pumzi. Nikamtazama Kukhu. Alikuwa ameziba mdomo wake kwa mkono wa kulia, na juu ya ule mkono ameweka wa kushoto, anasukuma, machozi yanapita juu ya vidole. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akijizuia kwa nguvu namna hiyo. Alitaka kumwitikia mwanawe, na alijua akimwitikia ataondoka naye, na mimi ningebaki peke yangu ndani ya miwa.

Tulikaa hivyo mpaka kipindi kikaisha na ngoma ya taarifa ya habari ikapigwa. Basi mama akatuita kutoka jikoni, tukafuata sauti yake tukatoka.

Zamu yetu ya kukatiwa ilipofika, vibarua waliingia asubuhi na mapanga, wakiimba. Kabla ya saa nne wimbo ukakatika. Tuliwakuta wamerudi nyuma wote, mmoja ameacha panga lake chini. Katikati ya miwa waliyokuwa wameilaza palisimama mgomba. Ulikuwa mrefu kupita kiasi na mwembamba, shina lake jeupe kwa kukosa jua, na majani machache juu kabisa, pale ulipokuwa ukiitafuta anga. Muda wote ule tulipokuwa tukidunga ardhi, ulikuwa umesimama humo ndani. Nina hakika tuliwahi kuupita karibu.

"Nani alipanda ndizi kwa miwa?" kibarua mmoja aliuliza. Alikuwa mgeni, hakujua.

Kukhu alikwenda akaushika. Aliushika chini, halafu juu kidogo, jinsi unavyompapasa mtoto aliyeanguka uone kama ameumia. "Alikuwa mzima," alisema. "Mlizika mtu mzima." Hakusema kwa hasira. Baba alikaa chini juu ya mabua akafunika uso.

Mzee Andayi alifanya yaliyopaswa. Kondoo alichinjwa, watu wa ukoo mwingine wakaitwa kuchimba, maana wewe mwenyewe humfukui wako. Mgomba ulitolewa pamoja na vipande vya shuka lililooza, ukachomwa, na shimo likafukiwa kwa mchanga wa mtoni. Baba akaandika mistari miwili kwa kituo cha redio, wamfikishie mwenzao wa Marekani: tumeung'oa mgomba, njoo. Hakutia la zaidi. Mzee Andayi alisema la zaidi litasemwa ana kwa ana au halitasemwa.

Jumamosi zikaja na sauti ikaendelea, kwa kuwa kanda zilikuwa zimetangulia. Kisha Jumamosi moja mtangazaji akasema leo mwenzetu aliye Marekani hatumpati, akamweka profesa mmoja aliyepiga chafya katikati ya maneno. Iliyofuata, vilevile. Baada ya hapo hakutajwa tena kabisa.

Sijui kama kuna kimya kilichowahi kunitisha hivyo. Uani palikuwa wazi sasa, miwa imekatwa, unaona hadi barabarani, na hakuna aliyekuja. Wakulima walitafuta redio nyingine ya kusikilizia. Nilimsikia mama akimnong'oneza Baba jikoni: "Tumeng'oa, tumemuua." Kukhu aliacha kula. Obusuma, ugali wetu, ulikuwa ukiwekwa mbele yake ukapoa, ukapewa kuku. Mimi nilikuwa na hofu yangu mwenyewe. Ikiwa Baba Mkubwa ameondolewa kule, Barasa atabaki na nani?

Miwa ilichipua tena, ikafika magotini, ikafika kiunoni. Mchana mmoja Baba alikuwa shambani, mama amelala, na mimi na Kukhu tuko mlangoni mwa jiko. Mawe ya redio yalikuwa yameanikwa juani, juu ya kipande cha bati, yapate nguvu. Nakumbuka nilikuwa nikiyatazama. Nilikuwa nikiyatazama yote yakiwa pale kwenye bati, nje ya redio, wakati mtu alipovuta pumzi nyuma ya nyumba na kusema:

"Mama."

Niligeuka. Kukhu alinyanyua mikono, nikajua anaipeleka mdomoni. Haikufika. Alibaki nayo hewani.

"Mama, ni mimi. Niko huku nyuma."

Hakuja kwa lango. Hilo ndilo lililomwonyesha Kukhu, kabla hajamwona, kwamba ni mtoto wake na si kitu kingine. Mtu aliyezikwa akirudi hapiti langoni wala mlangoni, anazunguka nyuma na kungoja atobolewe ukuta, na kitu kilichotumwa kumchukua mtu kisingejali adabu hiyo.

"Ee, baba yangu," Kukhu aliitika. "Ee. Ngoja hapo hapo."

Mzee Andayi alikuja anakimbia, kofia mkononi. Walitoboa ukuta wa udongo wa jiko kwa jembe, na Baba Mkubwa, mwenye suti ya kijivu na viatu vya ngozi, aliyezungumza nchi nzima ikasikia, akainama akaingia kwa magoti na mikono. Alisimama ndani na vumbi kwenye nywele. Alikuwa mwembamba, kipara kimeanza. Wakampa jina jipya pale pale. La zamani waliliacha shimoni, lakini Kukhu hakuliacha, alimwita Shiundu mpaka anakufa.

Jioni ile uani pakajaa. Wanaume walitaka kumuuliza habari za Seneti, wakashindwa kuanza. Kukhu ndiye aliyeanza.

"Hata barua moja?" alisema. "Miaka hiyo yote, ulishindwa kuandika hata barua moja?"

Akavuta pumzi, nasi sote tukaisikia. "Kwanza niliacha kuandika kwa aibu, masomo ilinishinda. Nikasema nitaandika nikipata kazi mzuri. Halafu nikakutana na mtu wa Malava, ametoka huku juzi tu. Akaniambia, Shiundu, kwenu walikuzika, mgomba ulilala chini. Nikajua basi. Nikiwaandikia, nawaletea kifo ndani ya bahasha."

"Na redio?"

"Mtu amezikwa hawezi salimia mama yake. Hiyo najua, mlinifunza." Alimtazama Mzee Andayi, kisha akamrudia Kukhu. "Lakini hakuna mzee alikataza kusema mambo ya Marekani. Nikatafuta wale watu wa redio. Tembo, punda, hivyo vyama vyao, mimi hata sikuwa najali, Mama. Nilitaka tu usikie niko na pumzi."

Kukhu akalia basi, kwa sauti, mikono magotini. Mzee Andayi alivaa kofia, akavua, akavaa tena. Mimi nikaona hii ndiyo nafasi yangu, kwa sababu watu wote walikuwa wakimtazama Kukhu. Nilikwenda nikasimama mbele ya Baba Mkubwa. Alinukia sabuni nisiyoijua.

"Barasa anaendeleaje?" nilimuuliza.

"Barasa ni nani?"

"Mdogo wangu. Yuko kule kwenu. Yuko kwa lile basi?"

Alimtazama Baba. Mama aliinuka akaingia ndani. Ni Kukhu aliyeinama sikioni mwake akamweleza, na nikaona uso wake ukibadilika polepole alipoelewa ninachouliza. Alinishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya moto, na hilo lilinishangaza.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Kule hayuko. Kule ni nchi tu. Nimekaa miaka mingi, sijamwona."

"Basi yuko wapi?"

Wanaume wale wote waliojua rais wa Marekani anavyopigiwa kura na anavyoondolewa, waliojua hata mawaziri wake wanavyochongeana, waliangalia chini. Hakuna aliyekuwa na maoni. Nilitoa mikono yangu mikononi mwake, nikapita katikati ya vigoda, nikazunguka nyuma ya jiko mpaka pale walipomlaza mdogo wangu, nikakaa chini, na nikamlilia kwa mara ya kwanza tangu wamzike.